Namba ya Padri Mersenne: Historia ya 2¹²⁷ – 1

Mnamo mwaka wa 1644, mjini Paris, Padri Marin Mersenne wa shirika la Waminimi alichapisha kitabu cha Kilatini kiitwacho Cogitata Physico-Mathematica. Ndani ya dibaji yake mna maneno machache kuhusu namba, maneno ambayo wanahisabati walihitaji miaka 303 kuyapima yote. Mersenne alizungumzia namba zinazopatikana kwa kuzidisha mbili kwa mbili mara kadhaa, kisha kutoa 1, yaani namba za umbo la 2ᵖ – 1. Alidai kwamba, kuanzia mwanzo hadi kipeo cha 257, zilizo tasa ni zile tu ambazo kipeo chake ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 au 257. Ya kumi katika orodha hiyo, 2¹²⁷ – 1, ikiandikwa kwa ukamilifu ni hii:

170 141 183 460 469 231 731 687 303 715 884 105 727.

Ina tarakimu 39. Mersenne hakutoa uthibitisho wowote, wala hakueleza njia aliyoifuata. Hata hivyo, kuhusu namba hii alisema kweli. Kuhusu 67 alikosea. Maneno yote mawili yameandikwa na kalamu moja, kwa uhakika ule ule. Na msomaji wa mwaka wa 1644 hakuwa na njia ya kutenganisha kweli na kosa. Historia ya 2¹²⁷ – 1 ni historia ya kutafuta njia hiyo.

Inafaa kwanza kusimama kidogo kwenye istilahi. Mwanafunzi wa Congo, ambaye hesabu za sekondari huzisoma kwa Kifaransa, anazifahamu namba hizi kwa jina la nombres premiers, yaani namba za kwanza: zile zisizotokana na nyingine, ambazo kwa kuzizidisha namba zote hupatikana. Kiswahili cha vitabu vya shule vya Afrika Mashariki kimechagua taswira nyingine kabisa. Namba tasa ni kama mnyama asiyezaa: ukiigawa haitoi kitu. Kifaransa kinatazama kile kinachojengwa kwa namba hizo; Kiswahili kinatazama kile kisichoweza kutolewa ndani yake. Kwa 7 au 13 istilahi zote mbili zinatosha. Kwa namba yenye tarakimu 39, ile ya Kiswahili inaonyesha ugumu waziwazi zaidi, kwa sababu utasa ni jambo la kukosekana, na kuthibitisha kwamba kitu hakipo ni kazi nzito kuliko kuonyesha kilichopo.

Kwa nini mtawa ajishughulishe na namba za namna hii? Sababu ni ya zamani. Euclid, katika kitabu cha tisa cha Elementa, alifundisha namna ya kupata namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe. 6 ni 1 + 2 + 3; 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Kanuni yake ni kujumlisha 1, 2, 4, 8 na kuendelea, na kila jumla itakapokuwa tasa, kuizidisha kwa namba ya mwisho iliyojumlishwa. 1 + 2 + 4 ni 7, nayo ni tasa. 7 mara 4 ni 28. Jumla hizo ndizo 2ᵖ – 1. Mtakatifu Augustino aliiona namba 6 kuwa dalili ya ukamilifu wa kazi ya Mungu aliyeumba dunia kwa siku sita, na wasomi wa Kikristo waliofuata waliendelea kuzitafuta nyingine. Basi swali la namba tasa za umbo hili halikuwa mchezo mtupu.

Mapema ilifahamika kwamba kipeo chenyewe hakina budi kuwa tasa. Kipeo cha 6, kwa mfano, ni 2 mara 3. Kwa hiyo 2⁶ – 1, ambayo ni 63, inagawanyika kwa 2² – 1 na kwa 2³ – 1, yaani kwa 3 na kwa 7. Wengine walidhani kwamba sharti hilo linatosha. Halitoshi: mwaka wa 1536 Hudalricus Regius alionyesha kwamba 2¹¹ – 1, ambayo ni 2047, ni 23 mara 89. Mnamo mwaka wa 1588 Pietro Cataldi wa Bologna alithibitisha kwa kugawa na kugawa tena kwamba 2¹⁷ – 1 na 2¹⁹ – 1 ni tasa. Kisha akajiamini kupita kiasi, akazitangaza pia zenye vipeo vya 23, 29, 31 na 37. Katika hizo nne ni ile ya 31 tu iliyo tasa.

Aliyeibomoa sehemu ya orodha ya Cataldi ni Pierre de Fermat. Mwaka wa 1640 alimwandikia Mersenne barua yenye uvumbuzi mkubwa: kigawo chochote kilicho tasa cha 2ᵖ – 1, p ikiwa tasa kubwa kuliko 2, lazima kizidi kwa 1 kigawe fulani cha 2p. Kwa kipeo cha 37, kwa hiyo, hakuna haja ya kujaribu namba zote. Zinatosha zile zinazozidi kwa 1 vigawe vya 74. Ya kwanza ni 75, nayo si tasa; ya pili 149, haigawi; ya tatu ni 223, nayo inagawa. Kwa kipeo cha 23 jaribio la kwanza kabisa, 47, linafaulu.

Mersenne basi alikuwa na chombo hicho mkononi miaka minne kabla ya kitabu chake. Nyumba yake ya kitawa karibu na Place Royale ilikuwa kama njia panda ya sayansi ya Ulaya: Descartes, Fermat na wengine wengi walimwandikia, naye akapeleka habari za huyu kwa yule. Lakini chombo hicho hakiwezi kufika kwenye 127. Mersenne mwenyewe alikiri katika maandishi yake kwamba kuamua kama namba yenye tarakimu 15 au 20 ni tasa ni kazi ambayo muda wote hautoshi. Ni ajabu kwamba mtu aliyeandika hayo aliweza kuhukumu namba ya tarakimu 39 bila kusita, na nyingine, ile ya 257, yenye tarakimu 78.

Huenda alifuata mpangilio aliouona katika vipeo vyenyewe. Vipeo 3, 5, 7, 17, 31, 127 na 257 vyote vinapishana kwa 1 na 4, 8, 16, 32, 128 au 256, ambazo ni mbili zilizozidishwa kwa mbili. Vipeo 13, 19 na 67 vinapishana kwa 3 na 16 au 64. Lakini 61 pia inapishana kwa 3 na 64, na haimo katika orodha, ilhali 2⁶¹ – 1 ni tasa kweli. Wako waliodhani kwamba Mersenne aliandika 61 na mchapishaji akasoma 67. Dhana hiyo inamvutia kila aliyewahi kuhariri hati za zamani, maana tofauti ni ya tarakimu moja tu. Ila haiwezi kueleza kwa nini 89 na 107, ambazo nazo zinatoa namba tasa, hazimo. Makosa ya orodha ni matano kwa jumla: mbili ziliingizwa bila kustahili, na tatu zikaachwa nje.

Hatua iliyofuata ilichukua zaidi ya karne. Mwaka wa 1772 Leonhard Euler, alipokuwa Saint-Pétersbourg na macho yake yakiwa karibu kuzimika kabisa, alitangaza kwamba 2³¹ – 1, yaani 2 147 483 647, ni tasa. Aliongeza sharti la pili juu ya lile la Fermat, hata vigawo vya kujaribiwa vikabaki vya aina mbili tu: vinavyozidi kigawe cha 248 kwa 1 au kwa 63. Kwa kuwa hakuna haja ya kupita 46 340, namba za aina hizo hazifiki 400, na nyingi miongoni mwao si tasa na zinaweza kuachwa. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa kwa mtu mwenye subira. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka wa 1811 kwamba namba timilifu inayotokana na namba hiyo ya Euler ingebaki kuwa kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa vitu hivi ni vya ajabu tu na havina faida, na hakuna atakayejisumbua kuvuka hapo.

Mtu akitumia njia ya Euler kwa 2¹²⁷ – 1, ataona kwamba Barlow hakuwa na hoja dhaifu. Vigawo vya kujaribu vinafika mpaka namba zenye tarakimu 20. Anayejaribu kimoja kila sekunde, usiku na mchana bila kulala, angehitaji miaka ipatayo milioni 800. Kwa kugawa, basi, namba hii haifikiki. Ilibidi apatikane mtu wa kuuliza swali kwa namna nyingine.

Mtu huyo alikuwa Édouard Lucas, aliyezaliwa Amiens mwaka wa 1842. Alifanya kazi katika kituo cha uchunguzi wa nyota cha Paris, akawa afisa wa mizinga katika vita vya 1870 dhidi ya Waprusi, kisha akawa mwalimu wa lycée hadi kufa kwake mwaka wa 1891. Hakupata kiti cha chuo kikuu. Wengi humkumbuka kwa michezo ya hesabu aliyobuni, hasa Mnara wa Hanoi wa mwaka wa 1883, na pengine umaarufu huo wa michezo umewafanya baadhi ya watu wasiuone uzito wa alichofanya mwaka wa 1876.

Lucas alianza na mfuatano ambao yeye mwenyewe aliueneza kwa jina la Fibonacci: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Ilijulikana kwamba namba tasa N, isipokuwa 5, hugawa ama namba iliyo katika nafasi ya N – 1 ya mfuatano huu, ama ile iliyo katika nafasi ya N + 1. Kwa mfano 7 inagawa namba ya nane, ambayo ni 21. Lucas aligeuza hoja. Ikiwa N inagawa namba ya nafasi ya N + 1, lakini haigawi namba ya nafasi yoyote ndogo zaidi ambayo ni kigawo cha N + 1, basi N haina budi kuwa tasa. Katika mfano wa 7, vigawo vya 8 ni 1, 2 na 4. Namba za nafasi hizo ni 1, 1 na 3, na 7 haigawi hata moja. Imetosha. Hakuna aliyeulizwa kama 7 inagawanyika kwa 2 au kwa 3.

Uzuri wa jambo hili kwa namba za Mersenne ni kwamba utasa wa namba unasomwa kwa jirani yake. Namba yenyewe, 2¹²⁷ – 1, ni fumbo. Jirani yake wa juu, 2¹²⁷, hana siri yoyote, kwa sababu ni mbili tupu zilizozidishwa pamoja, na vigawo vyake vyote vinajulikana. Ndiyo maana kazi yote ikaweza kupunguzwa kuwa mfuatano mfupi. Kwa vipeo ambavyo vikigawanywa kwa 4 vinabakisha 3, kama 7, 11, 31, 67 na 127, mtu aanze na 3, aizidishe kwa yenyewe na kutoa 2, aigawe kwa namba inayochunguzwa na kushika baki tu, kisha arudie. Kwa kipeo p afanye hivyo mara p – 2. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Lisipokuwa 0, si tasa.

Msomaji mwenye penseli anaweza kujaribu na 2⁷ – 1, ambayo ni 127. Anaanza na 3. Anapata 7, kisha 47. 47 mara 47 kutoa 2 ni 2207, ambayo ikigawanywa kwa 127 inabakisha 48. Kutoka 48 inakuja 16. Kutoka 16 inakuja 254, ambayo ni 127 mara mbili, na baki ni 0. Hatua tano, na hukumu imetoka. Akijaribu na 2047 ya Regius, atapata 7, 47, 160, 1034, 620, 1609, 1471, kisha 160 tena, na tangu hapo mfuatano unazunguka bila kufika 0 kamwe. 2047 si tasa. Lakini katika baki hizo hakuna mahali popote panapoonekana 23 wala 89. Njia ya Lucas inamjulisha mtu kwamba namba ina vigawo, bila kumwonyesha hata kimoja.

Kwa 2¹²⁷ – 1 hatua ni 125, na katika kila hatua inazidishwa namba inayoweza kuwa na tarakimu 39. Lucas alitambua kwamba kazi inakuwa nyepesi zaidi ikiandikwa kwa 0 na 1 peke yake. Kwa mwandiko huo namba hii ni 1 zilizopangwa 127 kwa mstari, na kutafuta baki si kugawa tena. Ni kukata namba ndefu vipande vya tarakimu 127 na kuvijumlisha. Alieleza hata namna ya kufanya hivyo kwa kete juu ya ubao wa miraba kama wa sataranji. Mwaka wa 1876 alitangaza matokeo mawili: 2¹²⁷ – 1 ni tasa, na 2⁶⁷ – 1 si tasa. Mersenne alipata sahihi hapa na kosa pale, na kwa mara ya kwanza palikuwa na sababu ya kusema hivyo.

Haki inadai kuongeza kwamba hoja za Lucas zilikuwa na mapengo. Aliandika kwa haraka, na baadhi ya kanuni zake alizitaja bila kuzithibitisha kikamilifu. Mmarekani Derrick Henry Lehmer ndiye aliyezipanga upya na kuzikamilisha mwaka wa 1930, na ndiyo sababu jaribio hilo leo lina majina ya wote wawili.

Kuhusu 67 lilibaki jambo la ajabu: namba iliyojulikana kuwa na vigawo ambavyo hakuna aliyewahi kuviona. Mnamo tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani mjini New York, Frank Nelson Cole alionyesha kwamba 2⁶⁷ – 1 ni 193 707 721 mara 761 838 257 287. Eric Temple Bell alisimulia baadaye kwamba Cole alifanya hesabu hiyo ubaoni bila kusema neno, akaketi, na ukumbi ukapiga makofi. Na kwamba kazi ilimchukua Jumapili za miaka mitatu. Bell alipenda hadithi nzuri kuliko nyaraka, na masimulizi yake yanafaa kupokewa kwa tahadhari. Namba zenyewe hazihitaji tahadhari: yeyote anaweza kuzizidisha kwa mkono kwa dakika chache. Ni tofauti kubwa na hatua 125 za Lucas, ambazo anayezitilia shaka hana budi kuzirudia zote.

Orodha ya Mersenne ilisahihishwa polepole. Kasisi wa Kiorthodoksi wa Urusi, Ivan Pervushin, aliionyesha ile ya 61 mwaka wa 1883. Mmarekani Ralph Powers alitangaza ya 89 mwaka wa 1911 na ya 107 mwaka wa 1914. Ile ya 257 ilihukumiwa kuwa si tasa katika karne ya 20, na kigawo chake cha kwanza kikaonekana mwishoni tu mwa miaka ya 1970. Mwaka wa 1947 vipeo vyote hadi 257 vilikuwa vimepimwa.

Katika muda huo wote 2¹²⁷ – 1 ilibaki kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana. Miaka 75 ilipita. Mwaka wa 1951 Mfaransa Aimé Ferrier, kwa mashine ya hesabu ya mezani, alithibitisha nyingine yenye tarakimu 44. Mwaka huo huo, Cambridge, Miller na Wheeler wakaipita kwa kompyuta iitwayo EDSAC; nayo namba yao, yenye tarakimu 79, ilijengwa juu ya ile ya Lucas: 180 × (2¹²⁷ – 1)² + 1. Mwaka wa 1952 Raphael Robinson alitumia jaribio la Lucas na Lehmer kwenye kompyuta ya SWAC huko Los Angeles, akapata 2⁵²¹ – 1 na nyingine nne. Tangu hapo ukubwa umekuwa kazi ya mashine. Iliyogunduliwa Oktoba 2024 na Luke Durant, 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ – 1, ina tarakimu 41 024 320. Namba ya mwaka wa 1876 ndiyo kubwa kuliko zote zilizothibitishwa kuwa tasa kwa mkono wa mtu bila mashine, na hakuna dalili kwamba atatokea wa kumnyang’anya Lucas nafasi hiyo.

Na ile kauli ya Barlow kuhusu faida? Namba ya Euler, 2³¹ – 1, ndiyo namba kubwa inayoingia katika nafasi ya kawaida ya biti 32 ndani ya kompyuta, na kwa sababu yake mifumo ya zamani inayohesabu muda kwa sekunde tangu mwaka wa 1970 itafika mwisho wa hesabu yake tarehe 19 Januari 2038. Namba ya Lucas nayo imepata kazi. Mwaka wa 2015 Craig Costello na Patrick Longa walitangaza mfumo wa kulinda siri za mawasiliano uitwao FourQ, ambao hesabu zake za msingi zinafanywa kwa baki za 2¹²⁷ – 1. Waliichagua kwa sababu ile ile iliyompunguzia Lucas kazi: kwa mwandiko wa 0 na 1, baki hupatikana kwa kukata na kujumlisha, bila kugawa.

Mbelgiji Eugène Catalan, aliyekuwa akifundisha Liège, alipopata habari za Lucas mwaka huo wa 1876, aliona kitu kingine. Anza na 2. 2² – 1 ni 3. 2³ – 1 ni 7. 2⁷ – 1 ni 127. Kisha inakuja 2¹²⁷ – 1. Zote ni tasa, na kila moja ni kipeo cha inayoifuata. Je, inayofuata, ile ambayo kipeo chake ni namba yenyewe ya Lucas, ni tasa? Hesabu ya tarakimu zake peke yake ni namba yenye tarakimu 38, inayoanza na 51. Haiwezi kuandikwa popote, na hatua za Lucas kwa namba hiyo zingekuwa nyingi kuliko muda ambao ulimwengu umekuwepo unavyoweza kuzibeba. Kilichobaki ni njia ya Fermat: kutafuta kigawo kinachozidi kwa 1 kigawe cha mara mbili ya kipeo. Kompyuta zimejaribu vingi vya aina hiyo, na hadi sasa hakuna kilichogawa.